Mawe Haya Maana Yake Nini? Ibada ya Nyumbani Inayompa Mtoto Kazi ya Mikono

Hotuba hii niliitoa kwa wazazi na walezi wa usharika wetu, hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wapo waliokuwa safarini na wapo waliokuwa wanauguza, kwa hiyo naiweka yote hapa kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji wetu, wainjilisti, wazee wa kanisa, walimu wenzangu wa shule ya Jumapili, baba zangu na mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu mlioanza ndoa juzijuzi, hamjambo.

Nimepewa kusema juu ya ibada ya nyumbani. Naomba kila mmoja aikumbuke sebule yake ya jana usiku. Chakula kimeliwa, vyombo vimeondolewa. Baba anafungua Biblia, anasoma sura nzima ya Warumi kwa sauti ile ile, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mama anafuatilia. Wa darasa la sita anang'ata kucha. Wa darasa la pili amelalia mkono wa kochi. Mdogo kabisa alishasinzia tangu kwenye wimbo, anatikiswa bega aamke aseme Amina.

Hiyo ni ibada, na Mungu anaipokea. Baba anayefungua Biblia usiku baada ya kushinda shambani au dukani ni baba wa kushukuriwa. Lakini niwaulize, wapendwa: huyu wa darasa la pili amepewa kazi gani? Amepewa kukaa kimya. Na yule mdogo? Kukaa kimya. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, mwaka mzima kimya. Akifika kidato cha kwanza, akaanza kujichagulia mwenyewe namna ya kutumia jioni yake, atachagua nini?

Tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Wengi tunaujua mstari wa 7 kwa moyo: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii." Tunausoma, tunafunga kitabu. Endeleeni hadi mstari wa 9. Maneno hayo yanenwe uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Yafungwe mkononi. Yaandikwe juu ya miimo ya nyumba na juu ya malango. Mkono umo humo. Mlango umo humo. Njia ya kwenda sokoni imo humo. Musa hakumwachia sikio peke yake kazi yote ya kumlea mtoto katika imani.

Na iko siri moja katika vitabu vile ambayo ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Mungu anapotaka kizazi kipya kimjue, anaweka kitu mbele ya mtoto, kisha anamngoja mtoto aulize.

Kutoka 12. Usiku wa Pasaka. Mwana-kondoo ameokwa motoni, mkate hauna chachu, mboga ni chungu. Watu wanakula wamevaa viatu, viuno vimefungwa, fimbo mkononi, wanakula kwa haraka. Hebu wewe uwe mtoto wa miaka 6 mezani pale. Utanyamaza kweli? Utauliza, "Baba, mbona tunakula na viatu?" Na Bwana alishalijua hilo. Mstari wa 26 unasema watoto wenu watakapowauliza maana yake utumishi huu, ndipo mtakapowaambia. Swali la mtoto limewekwa ndani ya ibada yenyewe!

Yoshua 4. Mto Yordani umesimama, Israeli wanavuka pakavu. Yoshua anawaagiza watu 12, mmoja wa kila kabila, kila mtu alibebe jiwe begani kutoka katikati ya mto. Kwa nini? Ili watoto watakapouliza siku zijazo, "Mawe haya maana yake nini?", baba zao wawe na jambo la kuwaambia.

Mmeiona safu yake? Kwanza kitu. Pili swali la mtoto. Tatu Neno. Sisi nyumbani tumeigeuza: tunaanza na Neno, refu, halafu sisi ndio tunaouliza maswali, na mtoto akikosea jibu anaambiwa hakuwa anasikiliza. Turudishe safu ya Mungu. Kitu, swali, Neno. Semeni nami: kitu, swali, Neno!

Kuna familia moja ya jumuiya yetu, sitaitaja jina. Mama wa nyumba ile aliumwa muda mrefu, akalazwa, watu wakaanza kunong'ona. Bwana akamrudisha. Siku chache baadaye baba aliwachukua watoto wake hadi mtoni, akamwambia kila mmoja achague jiwe analoweza kulibeba mwenyewe. Wakayapanga kando ya mlango, wakaandika mwaka kwa rangi nyeupe. Nilipokwenda kuwasalimu, niliyaona nikauliza ni ya nini. Baba alinyamaza makusudi. Kale kadogo ka chekechea ndiko kalikonijibu: "Lile la kaka, hili langu. Mama alikuwa hospitali, Yesu akamleta." Akalinyanyua jiwe lake kwa mikono miwili nilione chini yake, palipobaki tope la mtoni. Baba yake akaniambia kila mgeni akiuliza, watoto wanagombania kujibu.

Ndugu zangu, mtoto anayemweleza mgeni matendo ya Mungu mlangoni kwao, huyo tayari anashuhudia.

Najua kuna anayeniuliza moyoni: na nyumba ambayo mama hakurudi? Nimelifikiri sana swali hilo, kwa sababu nyumba hizo tunazo, hata hapa tulipoketi. Jiwe linawekwa pia. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akisema, "Hata sasa Bwana ametusaidia." Jiwe la "hata sasa" linawafaa watoto wanaolia. Msiwaondoe watoto kwenye ibada ya machozi kwa kudhani ni wadogo. Wapeni nao jiwe lao la kuweka.

Mtaniambia: mwalimu, hizi habari za mikono na vitu ni mambo mapya, ni ya watu wa mjini. Sivyo hata kidogo. Sisi ni Walutheri. Martin Luther alipoandaa Katekisimo Ndogo, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, sehemu zake za kwanza zilichapishwa kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani. Ukutani! Na juu ya kila sehemu kuu aliandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Mkuu wa nyumba. Hakumtaja mchungaji hapo. Na kila amri, kila ombi la Baba Yetu, linafuatwa na swali gani? Watoto wa kipaimara mnalijua: "Maana yake nini?" Swali lile lile la mawe ya Yordani.

Na ile mishumaa minne tunayoiwasha wakati wa Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi? Mnajua ilikotoka? Ilitoka kwa watoto wasiokuwa na subira. Mwaka 1833, huko Hamburg, Ujerumani, Johann Hinrich Wichern alianzisha nyumba ya kuwalea watoto wa mafukara, inaitwa Rauhes Haus. Kila Desemba watoto wale walimchosha kwa swali moja: Krismasi lini? Leo? Kesho? Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za katikati ya wiki na mikubwa minne meupe kwa Jumapili. Kila jioni mshumaa mmoja ukaongezwa kuwashwa katika ibada, na watoto wakawa wanaiona Krismasi inasogea kwa macho yao. Yeye alikuwa mwanatheolojia msomi, angeweza kuwapa somo refu juu ya kungoja. Akawapa gurudumu. Leo dunia nzima inaiga gurudumu lile.

Nyumbani kwako huna haja ya gurudumu. Kata kipande cha shina la mgomba, kilaze, toboa matundu manne kwa kisu, simamisha mishumaa. Shina la mgomba limejaa maji, halishiki moto upesi. Hata hivyo, mkubwa awepo wakati wote, na mishumaa izimwe kabla mtu yeyote hajaondoka chumbani. Na isiwekwe karibu na chandarua. Nalisema hili kwa uzito.

Sasa niende kwenye kazi za mikono zenyewe. Nitaanza na ile ninayoipenda kuliko zote, na mniwie radhi nitakaa hapo kidogo.

Luka 15:8. Mwanamke mwenye shilingi 10, amepotewa na moja. Tafuta sarafu 10, hata za shilingi 50. Mpe mtoto azihesabu mezani, moja moja, kwa sauti. Kisha mwambie afumbe macho, uitupe moja chini ya kabati. Zima taa ya sebuleni. Au kama umeme umekatika, basi Bwana ameshakuandalia jukwaa! Mpe mmoja tochi, mpe mwingine ufagio, waambie watafute. Wewe kaa kimya.

Nimeyatazama haya kwenye nyumba nyingi tunazotembelea, na karibu kila mara kinatokea kitu kile kile. Mwenye tochi anahangaika, anamulika juu ya makochi, anamulika ukutani. Mwenye ufagio anainama, anaupitisha chini ya kabati hadi kwenye kona, na ghafla, kwenye sakafu ya saruji, sarafu inalia: ting! Nyumba nzima inapiga kelele. Mwanamke yule aliwasha taa na akafagia, na watoto wako wamekwisha kujua sababu kabla hujafungua kitabu. Usiku ule watakuuliza, "Mama, na Mungu anatutafuta hivi?" Ndipo unafungua Luka. Ndipo unasoma. Mistari mitatu tu, ya 8 hadi ya 10. Utaona kama kuna wa kusinzia!

Wala usiishie hapo, kwa sababu habari yenyewe haijaishia hapo. Mwanamke alipoipata aliwaita rafiki zake na jirani zake, akawaambia, "Furahini pamoja nami." Basi mtume mtoto kwa bibi, au kwa jirani wa upande wa pili wa kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, akawaite waje wale karanga pamoja nanyi. Jirani atauliza kuna nini. Mwache mtoto ajibu.

Za jikoni ni nyingi, nitazipita haraka. Chachu ya Mathayo 13:33: kanda unga wa maandazi mafungu mawili, moja lenye hamira, jingine bila, ufunike yote kwa kitambaa karibu na jiko. Watoto wafunue wenyewe wakati wa ibada. Mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17: konzi ya unga na mafuta kidogo, wapike chapati moja ndogo, na chapati ile ya kwanza apewe mtu asiye wa nyumba ile, kama mjane alivyompa Eliya kwanza. Hapo kuna mtoto atakayenung'unika. Mwache anung'unike, muulize mjane yule alijisikiaje.

Za nje ya nyumba: Goliathi, 1 Samweli 17, urefu wake mikono 6 na shibiri. Mkono hupimwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shibiri toka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa. Baba apime kamba kwa mkono wake, mikono 6, aongeze shibiri, waifunge kwenye mparachichi. Ni karibu mita 3. Mtoto asimame chini yake aangalie juu. Wiki yote akienda shule atapita chini ya Goliathi.

Na mpanzi wa Mathayo 13. Makopo manne: moja udongo ulioshindiliwa kwa mguu, moja mawe na udongo kiasi, moja limejaa magugu, moja udongo mzuri wa chini ya migomba. Punje za maharage kila kopo. Hii si ibada ya siku moja, na ndiyo sababu naisifu. Asubuhi mtoto anakimbilia makopo kabla ya kunawa uso. Siku ya nne, siku ya tano, anakuja na swali ambalo hukumfundisha.

Sasa niguse jambo la masale, ile mimea ya majani marefu, na hapa nawaomba wazee wangu mnisaidie, kwa maana mnalijua kuliko mimi.

Sale tunalo kwenye mipaka ya vihamba, tunalo kwenye makaburi ya wazee wetu. Watoto wetu wanalipita kila siku. Desturi ya Wachagga ni kwamba aliyekosa humpelekea mwenzake jani la sale kuomba radhi, na aliyeletewa sale ni vigumu kulikataa. Nyumba moja, ndugu wawili waligombana kwa ajili ya baiskeli, wakawa hawasemeshani. Wakati wa ibada mmoja anakaa mlangoni, mwingine dirishani. Bibi yao hakuwahubiria. Alimtuma mkubwa akakate jani la sale, akaliweka juu ya Biblia iliyofungwa, akakaa. Mdogo akauliza, "Bibi, hilo la nini?" Bibi akawaeleza lilivyotumika enzi za baba yake, kisha akamwambia mjukuu asome Mathayo 5:23 na 24: ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, enda upatane kwanza. Kisha akasema, "Wimbo wa leo hatuuanzi bado." Wakangoja. Mama yao ameniambia walingoja muda mrefu, hadi uji ukapoa. Kisha mkubwa akalichukua lile jani akavuka sebule.

Wapendwa, ni somo gani la toba lingefika pale? Na tazameni: hakuna kilichonunuliwa.

Hilo nalisisitiza, kwa sababu nasikia wazazi wakisema vitu vya kufundishia ni ghali. Jiwe ni ghali? Ufagio ni ghali? Yeremia alipelekwa nyumbani kwa mfinyanzi. Ezekieli alipewa tofali achore mji wa Yerusalemu juu yake. Agabo alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu. Bwana wetu mwenyewe alichukua beseni na kitambaa. Mungu hufundisha kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Baba zangu, niongee nanyi kwa heshima juu ya beseni hilo. Watoto wanarudi shule miguu imejaa vumbi. Jioni moja, kabla ya Yohana 13, chota maji ya uvuguvugu, piga magoti, uwaoshe miguu wewe mwenyewe. Usitoe maelezo. Yuko atakayekataa kama Petro, atasema, "Baba, hapana." Basi Petro amekwisha kuingia sebuleni kwako, fungua umsome.

Yapo pia ninayoyakataza. Kwanza, Meza ya Bwana na Ubatizo visigeuzwe mchezo wa sebuleni. Vile ni sakramenti, mahali pake ni kanisani, na mtoto avijue kwa heshima yake. Pili, kazi ya mikono isiimeze ibada. Ukikuta dakika 40 zimeishia kwenye kukata karatasi na Biblia haikufunguliwa, umefanya ufundi. Kitu, swali, kisha Neno lisomwe, na maombi yafanywe. Dakika 15 au 20 zinatosha. Tatu, usifanye hivi kila siku, utachoka na utaacha. Jioni moja kwa wiki ya mikono, nyingine endelea na zaburi fupi na sala kama kawaida.

Na hawa wakubwa, wa kipaimara? Msiwakalishe na wadogo kuhesabu sarafu. Wapeni waandae. Mwambie wa kidato cha pili, "Ijumaa ni yako, chagua habari, tafuta kitu." Atasoma sura nzima akitafuta kitu cha kushikwa mkononi, na ataisoma kwa makini kuliko ambavyo ungeweza kumlazimisha.

Kabla sijaketi: mama mmoja mzee amenivuta pembeni wakati wa chai. Analea wajukuu peke yake, na kusoma hajui. Ameniuliza, "Mwanangu, mimi nitaendeshaje ibada?" Nimeomba ruhusa yake nilijibu mbele ya wote, kwa sababu najua hayuko peke yake. Mama, Paulo alipoitafuta asili ya imani ya Timotheo, alisema ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike. Bibi alitajwa kwanza. Msomaji unaye, huyo wa darasa la nne. Mwambie mstari, atausoma. Kitu unacho nyumbani. Na jibu la "maana yake nini" unalo kuliko sisi wote, kwa miaka yote uliyotembea na Bwana. Wao wasome, wewe ujibu.

Pale mlangoni kuna beseni la maharage. Kila familia ichukue konzi moja, makopo mtafute wenyewe. Walimu wa shule ya Jumapili watapita majumbani wiki ijayo, nao wameagizwa kuzungumza na watoto kwanza, wazazi baadaye.

Tusimame, tuombe.